Salfa, Urea na Hesabu ya Udongo wa Kusini

Mwezi wa saba, saa kumi na moja alfajiri, mashine za kupulizia huanza kunguruma kwenye mashamba ya korosho ya Newala na Tandahimba, kusini mwa Tanzania, kabla jua halijachomoza. Kinachowaamsha watu ni umande. Salfa ni unga mkavu. Hushika vizuri kwenye jani na shada la maua lililolowa, na saa hizo upepo bado umetulia. Jua likipanda na umande ukikauka, unga hupeperuka ukaenda kwa jirani. Mpulizaji akimaliza, mkorosho umevaa njano hafifu, na ardhi chini yake vilevile. Salfa iliyobaki juu ya mti huzuia ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mkorosho, kwa wiki mbili hivi. Iliyoanguka ardhini huanza kazi nyingine, na hiyo huendelea miaka mingi baada ya korosho kuuzwa.

Kilimo cha mavuno makubwa katika nchi zinazoendelea kikizungumzwa, mifano inayotajwa daima ni ngano ya India na mpunga wa Ufilipino. Mtwara na Lindi hazitajwi. Hata hivyo Kusini imepita njia ileile: zao moja la biashara, dawa ya kiwandani inayorudiwa kila msimu, mavuno yanayopanda haraka, na udongo unaobadilika polepole kiasi kwamba baba huona ni kawaida na mtoto ndiye anayelipa. Mjadala wenyewe umeendeshwa mno kwa hisia. Kundi moja linasema mbolea za viwandani zinaua ardhi, jingine linasema bila hizo tutakufa njaa, na yote mawili yanakwepa swali la msingi: kilo ngapi zimetoka shambani, na kilo ngapi zimerudi?

Mbegu iliyoundwa ili ile mbolea

Kazi ya kuunda mbegu hiyo ilianzia Meksiko. Kuanzia mwaka 1944 Norman Borlaug, mtaalamu wa magonjwa ya mimea kutoka Marekani, alizalisha ngano inayohimili ugonjwa wa kutu, na baadaye akaichanganya na uzao wa ngano fupi ya Kijapani iitwayo Norin 10. Ufupi ule ulikuwa na kazi maalumu. Ngano ndefu ukiipa naitrojeni nyingi hurefuka zaidi, suke huwa zito, bua hulala na mavuno huozea chini. Ngano fupi husimama. Kwa hiyo ubora wa mbegu mpya ulikuwa hasa katika uwezo wake wa kupokea mbolea nyingi bila kuanguka. Ukiinyima mbolea na maji, tofauti yake na mbegu ya zamani hupungua sana. Mwaka 1966 taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mpunga iliyoko Los Baños, Ufilipino, ilitoa IR8, mpunga mfupi uliojengwa kwa wazo hilohilo, na mwaka huohuo India iliagiza tani 18,000 za mbegu ya ngano kutoka Meksiko. Jina la kilimo hiki kipya, Mapinduzi ya Kijani, lilikuja mwaka 1968, likitamkwa na William Gaud, aliyekuwa mkuu wa shirika la misaada la Marekani. Mwaka 1970 Borlaug alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani.

Mafanikio yalikuwa ya kweli. Ngano ya India ilitoka karibu tani milioni 12 katikati ya miaka ya 1960 hadi karibu tani milioni 20 mwaka 1970. Nchi iliyokuwa ikingojea meli za ngano ya msaada ilianza kujilisha. Anayezungumzia madhara ya kilimo hiki bila kuanza na ukweli huo hawatendei haki watu waliookolewa na njaa.

Lakini katika ufupi ule mmefichika jambo ambalo wakulima wengi hawakuambiwa. Mmea wa zamani ulipeleka karibu asilimia 30 ya uzito wake wa juu ya ardhi kwenye nafaka, na uliobaki ukawa mabua na majani. Aina mpya hupeleka karibu nusu. Kila gunia linalotoka shambani sasa linaacha nyuma yake mabua machache kuliko zamani, yaani chakula kidogo zaidi cha udongo kwa kila kilo ya chakula cha mtu.

Mfuko mmoja wa urea una nini

Chukua ekari moja ya mahindi Masasi au Nachingwea. Bila pembejeo, shamba lililochoka hutoa magunia matano hivi. Kwa mbegu bora, kupalilia kwa wakati na mbolea, magunia 15 ya kilo 100 yanawezekana, yaani tani moja na nusu. Kila tani ya punje za mahindi hubeba karibu kilo 16 za naitrojeni, kilo 3 za fosforasi na kilo 4 za potasiamu. Tani moja na nusu imeondoka na kilo 24 za naitrojeni kwenye punje pekee. Ukihesabu na mabua, mmea umevuta kilo 35 au zaidi.

Mfuko wa urea wa kilo 50 una naitrojeni asilimia 46, sawa na kilo 23. Mahindi hayazipati zote. Urea ikimwagwa juu ya ardhi yenye unyevu na kuachwa juani, sehemu yake hugeuka hewa na kupotea; mvua kubwa ikifuata, nyingine huzama chini ya mizizi, hasa kwenye mchanga. Mmea ukipata nusu umefanya vizuri. Zilizobaki hadi kutimia kilo 35 zimetoka kwenye mboji ya udongo wenyewe, ile rangi nyeusi ya shamba jipya linalofunguliwa msituni. Misimu ya kwanza mkulima hufurahi, kwa kuwa mboji inatoa kimyakimya. Miaka sita au saba baadaye, mbolea ileile kwa kipimo kilekile inatoa magunia manane, na watu husema ardhi imezoea mbolea. Ardhi haizoei mbolea kama mtu anavyozoea dawa. Akiba iliyokuwa ikijazia pengo imekwisha.

Potasiamu nayo ina shida yake. Iko kidogo kwenye punje na nyingi kwenye mabua, na urea na DAP, mbolea ya kupandia yenye fosforasi, hazina hata chembe ya potasiamu. Mabua yakibebwa kwenda kulisha mifugo, potasiamu imebebwa. Yakichomwa moto, naitrojeni na salfa zake huondoka na moshi, potasiamu hubaki kwenye majivu, na upepo wa Agosti au mvua ya kwanza ya Desemba huyapeleka bondeni. Mipango ya ruzuku ilichangia kusahauliwa kwake. Mpango wa vocha ulioanza msimu wa 2008/2009 ulimpa mkulima wa mahindi pembejeo za ekari moja kwa nusu bei: mbegu kilo 10, mfuko mmoja wa kupandia na mmoja wa kukuzia. Kifurushi kilikuwa kilekile kwa udongo wa Mbinga na kwa mchanga wa Mtwara. Hilo, kwa maoni yetu, ndilo kosa lililogharimu zaidi kuliko wizi wa vocha uliolalamikiwa sana.

Tindikali isiyoonekana

Sasa turudi chini ya mkorosho. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani 145,000 za korosho. Kufikia 1986/87 zilikuwa zimebaki karibu tani 17,000. Watu walikuwa wamehamishiwa vijijini mbali na mikorosho yao, bei ilikuwa duni, na mwishoni mwa miaka ya 1970 ubwiriunga ulianza kuonekana. Huu ni ukungu mweupe kama unga unaokaa kwenye majani machanga na maua. Ua lililoshikwa hugeuka kahawia na kudondoka bila kufunga korosho. Utafiti uliofanyika kwenye kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, Mtwara, ulionyesha kwamba unga wa salfa unauzuia, ukatoka na kipimo kinachojulikana hadi leo: gramu 250 kwa mti mkubwa kwa kila mzunguko, kila baada ya siku 14, hadi mizunguko mitano tangu maua yanapoanza kuchomoza. Salfa iliifufua korosho. Msimu wa 2017/18 mavuno yalivuka tani 300,000, na nyumba za bati na ada za shule za Kusini zimejengwa juu ya unga huo. Hatuandiki ili watu waiache.

Tunaandika kwa sababu ya hesabu ifuatayo. Gramu 250 mara mizunguko mitano ni kilo 1.25 kwa mti kwa mwaka. Mikorosho iliyopandwa mita 12 kwa 12 ni kama miti 28 kwa ekari. Zidisha: kilo 35 za salfa kwa ekari kila mwaka. Sehemu hupeperuka, sehemu huanguka moja kwa moja chini ya mti, sehemu hushuka baadaye na mvua na majani yanayopukutika. Ardhini, bakteria wa kawaida wa udongo huila salfa na kuigeuza tindikali ya salfuriki. Kilo moja ya salfa iliyogeuzwa yote inahitaji kilo 3.1 za chokaa safi kuituliza. Hata ukichukulia kwamba ni nusu tu inayofanya kazi hiyo ndani ya shamba, ekari inadaiwa kilo 55 za chokaa kila mwaka. Miaka 20 ya kupuliza ni deni la zaidi ya tani moja, na wengi hawajawahi kutia hata kilo.

Udongo wa mfinyanzi wenye mboji nyingi ungelibeba deni hilo muda mrefu kabla pH, kipimo ambacho hushuka tindikali ikiongezeka, haijashuka. Sehemu kubwa ya uwanda wa Makonde ni mchanga, na mchanga una uwezo mdogo sana wa kumeza tindikali. Tindikali ikiingia, inang'oa kalsiamu, magnesiamu na potasiamu kutoka kwenye chembe za udongo, na maji ya mvua huzishusha chini pamoja na salfeti. Kipimo cha pH nacho hudanganya macho ya asiyekizoea: kutoka 6 hadi 5 huonekana hatua moja, kumbe tindikali imeongezeka mara kumi.

Mkorosho wenyewe huvumilia udongo mchachu kuliko mazao mengi, na mizizi yake huenda mbali. Ndiyo maana tatizo halionekani kwenye korosho kwanza. Linaonekana kwenye chakula kinachopandwa kati ya miti. pH ikishuka chini ya 5.5, alumini iliyokuwa imefungwa ndani ya udongo huanza kuyeyuka, na alumini iliyoyeyuka ni sumu kwa ncha ya mzizi. Ng'oa mche wa mahindi wa wiki nne kutoka kwenye udongo wa namna hiyo, uusuuze taratibu ndani ya ndoo. Mizizi ni mifupi na minene, ncha zimevimba na kuwa kahawia, vijinyuzi vya pembeni karibu havipo. Kingo za majani ya chini zina zambarau, dalili ya kukosa fosforasi, hata kama DAP ilitiwa shimoni siku ya kupanda. Fosforasi ipo, ila imenaswa na alumini na chuma, na mzizi wenyewe hauna urefu wa kuifuata. Mkulima akiona zambarau huongeza mbolea. Fedha yake inaingia kwenye mtego uleule.

Urea nayo huchachua udongo, ingawa kwa kasi ndogo zaidi kwa mfuko: mfuko mmoja wa kilo 50 hudai karibu kilo 40 za chokaa. SA (salfeti ya amonia) hudai zaidi, kama kilo 55, huku ikiwa na naitrojeni chini ya nusu ya ile ya urea. CAN (kalsiamu amonia naitreti) ina chokaa ndani yake na hudai kidogo. Kwa shamba ambalo tayari limepulizwa salfa miaka mingi, kukuzia mahindi kwa SA ni kuongeza mzigo juu ya mzigo.

Majimoto na buibui wa Indonesia

Wadudu ni sehemu ambako madhara ya kilimo hiki yameeleweka mapema na kwa uwazi zaidi, na mfano bora uko Indonesia. Miaka ya 1970 serikali ilitoa ruzuku kubwa kwa viuatilifu vya mpunga. Mdudu mmoja mdogo wa kahawia anayefyonza mabua, ambaye zamani hakuwa tishio kubwa, alilipuka na kukausha mashamba makubwa. Kilichotokea ni kwamba sumu iliwaua kwanza buibui na wadudu wengine waliokuwa wakimla, huku mayai yake yakiwa salama ndani ya bua. Yalipoanguliwa hapakuwa na adui. Kila mpulizo ulikaribisha kundi kubwa zaidi. Mwaka 1986 Rais Suharto alipiga marufuku aina 57 za viuatilifu kwenye mpunga, ruzuku ikaondolewa hatua kwa hatua, na mavuno hayakushuka. Mbinu ya shamba darasa, ambayo maofisa ugani wetu wanaifahamu, ilizaliwa katika juhudi hizo mwaka 1989.

Kwenye mkorosho, buibui wetu ni majimoto, wale chungu wekundu wanaoshona majani kuwa viota na kumng'ata yeyote anayepanda mti. Wengi huwachukia na huwachoma. Lakini majimoto humla na kumfukuza mbu wa mikorosho, anayechoma machipukizi hadi yakawa meusi, pamoja na kidung'ata anayeharibu korosho changa. Mti wenye viota hai vilivyosambaa matawini mara nyingi hauhitaji sumu ya wadudu kabisa. Ukipuliza sumu ya jumla mara moja, majimoto huisha. Mbu hurudi kutoka shamba la jirani ndani ya wiki chache, majimoto huchukua miezi. Kabla ya kununua sumu, hesabu viota. Ukiikuta sehemu yenye mbu wengi na viota hakuna, puliza miti hiyo tu, si shamba zima. Salfa ni dawa ya ukungu na haimtoi mbu. Kuichanganya na sumu ya wadudu kila mzunguko "kwa usalama" ni tabia inayosambaa na inafaa ikomeshwe.

Kuhusu maji tutasema machache, kwa kuwa kilimo cha umwagiliaji Kusini ni kidogo. Punjab, kitovu cha ngano na mpunga wa India, huchimba maji ya visima kwa umeme wa bure kwa mkulima, na katika wilaya nyingi kina cha maji hushuka karibu nusu mita au zaidi kila mwaka. Wanaopanga kuongeza pampu kwenye mabonde ya Lukuledi na Ruvuma wapime kina cha visima tangu mwaka wa kwanza.

Mbaazi zetu na sahani ya India

Kuna uzi mmoja unaounganisha moja kwa moja ngano ya Borlaug na ghala la mbaazi la Nachingwea. India ilipotoa bei ya uhakika, maji na ruzuku kwa ngano na mpunga, wakulima wake waliacha mashamba mazuri ya kunde, dengu na mbaazi, au waliyasukumia kwenye ardhi duni isiyo na maji. Watu wakaongezeka, jamii ya kunde haikuongezeka kwa kasi hiyo. Kiasi cha mazao hayo ya protini kinachopatikana kwa mtu mmoja kwa siku kilitoka karibu gramu 69 mwaka 1961 hadi karibu gramu 30 kufikia mwaka 2000. Pengo hilo ndilo lililofungua soko la mbaazi za Lindi, Mtwara na Msumbiji.

Agosti 2017 India, ikiwa imevuna sana mbaazi zake, iliweka kikomo cha tani 200,000 kwa uagizaji wa mwaka. Bei ya shambani huku Kusini, iliyokuwa imevuka shilingi 2,000 kwa kilo, ilianguka chini ya shilingi 500 sehemu nyingi. Wengi waling'oa mbaazi na hawakuzirudisha. Hasara ya fedha ilisikika kote. Hasara ya udongo haikuzungumzwa, nayo ndiyo iliyodumu, kwa sababu mbaazi ilikuwa ikifanya shambani kazi ambayo hakuna mfuko wa mbolea unaoifanya. Mizizi yake hushuka zaidi ya mita moja na nusu na kuvuta virutubisho vilivyozama. Vinundu vyake hutengeneza naitrojeni kutoka hewani. Na mizizi hiyohiyo hutoa tindikali maalumu zinazofungua fosforasi iliyonaswa na chuma, ile ambayo mahindi hayawezi kuifikia. Majani yake hupukutika tangu Juni na kuifunika ardhi.

Kulima mbaazi kwa ajili ya udongo na chakula cha nyumbani, bei iwe juu au chini, ni ushauri tunaousimamia. Panda pamoja na mahindi mvua za Desemba zikishika: mistari miwili ya mahindi, mmoja wa mbaazi, nafasi ya sentimita 60 kati ya mashimo ya mbaazi. Mbaazi hukua taratibu mwanzoni na haigombani na mahindi. Mahindi yakivunwa Mei, mbaazi hubaki na jua lote hadi mavuno ya Agosti. Aina ya Mali huvumilia mnyauko. Majani yaache yalipodondokea. Mabua yake ni kuni nzuri, yachukue, ila usichome shamba.

Mbegu na mfuko wa fedha

Mahindi chotara hutoa mavuno ya kutosha mara moja. Ukitunza punje zake ukapanda tena, shamba hutoka na mimea mirefu na mifupi iliyochanganyika, na mavuno yanaweza kushuka kwa theluthi. Maana yake mkulima lazima awe na fedha taslimu kila Novemba, mwezi ambao korosho nyingi bado hazijalipwa. Hapo ndipo kangomba, mnunuzi asiye rasmi, anapoingia: korosho ikiwa bado juu ya mti inauzwa kwa kibaba na kwa bei ya kutupa, ili pembejeo za chakula zipatikane. Deni la udongo na deni la mtu hukutana mlango mmoja.

Kuna pia kosa la kununua mbegu ya mahali pengine. H614 ni chotara nzuri ya nyanda za juu inayotaka karibu miezi sita; mvua za Kusini huanza Desemba na kuisha Aprili au mwanzoni mwa Mei, na mara nyingi hukatika wiki moja au mbili mwishoni mwa Januari au Februari. Mahindi ya muda mrefu hayamalizi. Staha na TMV-1 si chotara; ni mbegu zinazochavushana kwa uhuru shambani, zinavumilia ugonjwa wa milia, na unaweza kurudia mbegu yake misimu mitatu ukichagua vizuri: chukua magunzi yasiyopungua 200 kutoka katikati ya shamba, kwenye mimea yenye afya ikiwa bado imesimama, shamba la jirani likiwa umbali wa mita 200 au zaidi. Ukichagua ghalani kwa kutazama ukubwa wa gunzi tu, huwezi kujua kama mmea ulikuwa mzima au ulibahatika kukaa juu ya kichuguu.

Kuhusu bei, mwaka 2022 mfuko wa urea ulivuka shilingi 100,000 kabla ruzuku haijaushusha hadi karibu 70,000. Urea hutengenezwa kwa gesi asilia. Gesi iko Mnazi Bay na Songo Songo, na kiwanda cha mbolea cha Kusini kimezungumzwa miaka mingi bila kusimama. Tunaumia kila tunapoiona meli ya mbolea ikitia nanga bandari ya Mtwara.

Kulipa deni la tindikali

Kwanza pima, kwa sababu chokaa isiyopimwa nayo huharibu: ikizidi kwenye mchanga, zinki hunaswa na mahindi machanga hutoka na michirizi myeupe. Kwenye shamba la korosho chukua sampuli mbili tofauti, moja chini ya vivuli vya miti na nyingine katikati ya mistari. Kwa kila sampuli chimba sehemu 15 hadi 20 kwa kupita shamba zigizaga, ukwepe mapito, vichuguu na sehemu zilizochomwa. Ondoa majani makavu juu, chimba sentimita 20, kata kipande chembamba cha udongo kwa jembe safi. Changanya kwenye ndoo ya plastiki; ndoo ya bati huacha zinki. Gawa mara nne, utupe robo mbili za mkabala, rudia hadi ibaki nusu kilo. Anika kivulini, weka kwenye mfuko safi ulioandikwa jina la shamba, tarehe na kina. Usifungie kwenye mfuko wa salfa au urea hata ukiwa umeoshwa. Kisha ipeleke maabara; Naliendele ndiyo karibu kwa watu wa Mtwara na Lindi.

Chokaa inayotakiwa ni ya kilimo, yaani mawe ya chokaa yaliyosagwa laini. Chokaa ya kupakia ukuta ni kali, huchoma mikono na kupandisha pH ghafla. Jasi inayochimbwa Kilwa ni kitu kingine tena: inatoa kalsiamu na salfa, haipunguzi tindikali. Kwa karanga jasi ni ya thamani, maana ganda la karanga hufyonza kalsiamu moja kwa moja kutoka kwenye udongo unaolizunguka, na ikikosekana unavuna maganda matupu. Itie wakati karanga zinachanua. Lakini usiuziwe jasi kama tiba ya pH.

Kwa mchanga wenye pH chini ya 5.5, kilo 200 hadi 400 za chokaa kwa ekari, zikimwagwa na kuchanganywa Oktoba ili mvua za kwanza ziifanyie kazi, zinatosha kuanzia. Kwa kuzuia shamba linalopulizwa salfa lisishuke zaidi, kilo 2 hadi 4 kwa mti kwa mwaka zinalingana na tindikali inayoingia. Sambaza chini ya kivuli chote, ukiacha nusu mita kutoka kwenye shina, na chokonoa juujuu tu, kwani mizizi inayolisha mkorosho iko karibu na uso wa ardhi.

Na upande wa pili wa hesabu ni kupunguza salfa inayohitajika. Ubwiriunga hupitisha muda wake kwenye maotea yanayochipuka ndani ya kivuli, karibu na shina. Yakikatwa Aprili na Mei, na miti iliyobanana ikipunguzwa hadi jua liguse ardhi, ugonjwa huchelewa kuanza na mzunguko mmoja au miwili ya kupuliza huwa haina haja. Mzunguko mmoja uliookolewa ni kilo 7 za salfa kwa ekari.

Andika matokeo ya maabara kwenye daftari pamoja na idadi ya mizunguko ya kila msimu, na upime tena baada ya misimu mitatu. Sampuli ya pili ichukuliwe mwezi uleule wa mwaka na kwa kina kilekile, maana udongo mkavu wa Septemba na udongo wa mvua wa Februari hutoa pH tofauti hata kama hakuna kilichobadilika shambani.